Mwongozo kamili: jinsi ya kuufurahia mziki wa kantri kama wewe ni mtu wa gothi, panki au metali

Hili swali, mtu wa gothi au panki aingieje kwenye kantri, linarudi kila mara na linarudi vilevile. Mtu kakulia kwenye panki au gothi, kasikia kwamba kantri nayo ina giza lake, anaingia kwenye programu anaandika kantri, anabonyeza pleilisti ya kwanza inayotokea, anakutana na pikapu, bia na binti kavaa kaptula ya jinzi, dakika kumi baadae katoka na hataki tena kusikia habari hizo. Shida hapo siyo masikio yako na wala siyo kantri yenyewe, shida ni mlango ulioingilia.

Kwahiyo nimeziandika hatua zote kwa mpangilio. Ukiruka moja utakwama palepale wanapokwama wengine, na wengi wanakwama hatua ya 3.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Hedifoni. Siyo lazima za bei mbaya, ila spika ya simu haifai kabisa. Nusu ya utamu wa kantri uko kwenye vitu vidogo, pumzi ya muimbaji, kidole kinavyoteleza kwenye waya wa gita, na spika ya simu inavimeza vyote.
- Programu unayoweza kutafutia wimbo mmoja mmoja. Zima kabisa ile ya kukuchagulia wimbo unaofuata. Algoriti ikiona umesikiliza kantri mara moja inakumiminia hits za redio, na hizo tunaziacha mpaka mwisho.
- Mashairi ya nyimbo, yawe wazi kwenye skrini au umeyachapisha.
- Nyimbo zako tano za sasa, zile ambazo mtu akikuzimia katikati unakasirika kweli.
- Nusu saa ya peke yako, usiku ni bora zaidi. Huu mziki ukiusikiliza huku unachati unageuka kuwa kelele za nyuma tu.

## Hatua ya 1: Jua kinachokushika kwenye mziki wako

Chukua zile nyimbo tano, pembeni ya kila mmoja andika kitu kimoja kinachokufanya uurudie. Usiandike "mkali" au "unanikosha", hiyo haisaidii. Andika kitu chenyewe: kifo, hasira kwa wakubwa, upweke, gita chafu, sauti inayokaribia kulia, dini inayotisha, kujirekodi wenyewe bila pesa.

Sababu ni kwamba kantri ni nyumba yenye vyumba vingi na ukiingia bila kujua unatafuta nini utaishia sebuleni na wageni wa redio. Anayependa upweke na anayependa fujo hawaendi chumba kimoja.

Utajua umefaulu ukibaki na maneno mawili matatu yanayojirudia. Yaweke, tutayatumia hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Ingia kwa kava

Usianze na wimbo usioujua. Anza na wimbo unaoujua ukiimbwa na mtu wa kantri, maana hapo sikio lako lina pa kushika, unajua melodi inaenda wapi kwahiyo unabaki na kazi moja tu ya kusikia kilichobadilika.

Mtu wa kuanza naye ni Johnny Cash, na siyo Cash wa ujana, namaanisha Cash mzee. Mwaka 1994, akiwa na miaka 62, alitoa albamu ya American Recordings na prodyuza Rick Rubin, yuleyule aliyeisimamia Reign in Blood ya bendi ya metali Slayer mwaka 1986. Rubin akavua kila kitu, akabakisha sauti na gita. Humo ndani kuna wimbo unaitwa Thirteen ambao Glenn Danzig aliuandika kwa ajili ya Cash. Danzig huyohuyo wa bendi ya panki Misfits, ndio.

Sikiliza kwa jozi, wa kwako kwanza afu wa Cash:

1. Rusty Cage ya Soundgarden, afu ya Cash (1996).
2. Personal Jesus ya Depeche Mode, afu ya Cash (2002).
3. Hurt ya Nine Inch Nails, afu ya Cash (2002).

Hiyo ya tatu usiipitie haraka. Toleo la Nine Inch Nails lina mchakacho unaozunguka nyuma muda wote, sauti inanong'ona, mwishoni gita linaanguka kama ukuta. Cash hana huo mchakacho. Ana gita, ana piano, na sauti ya mzee anayeumwa, unaisikia kabisa pumzi ikimuishia kabla mstari haujaisha. Sasa tega sikio kwenye piano kuelekea mwisho, kuna noti inagongwa na kugongwa na kugongwa, inavimba mpaka inakaribia kupasuka, afu kila kitu kinakatika anabaki yeye na mstari wake wa mwisho. Pale ambapo Trent Reznor wa Nine Inch Nails alitaja taji la mavi, Cash akaimba taji la miiba. Neno moja tu, na wimbo wa kijana anayejichukia ukawa wa mzee anayehesabu maisha yake. Alifariki Septemba 2003.

Ukimaliza, geuza upande. Social Distortion waliirekodi Ring of Fire ya Cash mwaka 1990 kwa gita za panki na haikupoteza kitu. The Sisters of Mercy, watu wa gothi wenyewe, walikuwa wanaipiga Jolene ya Dolly Parton kwenye shoo zao miaka ya 80. Na ule wimbo Nirvana waliofungia shoo yao ya MTV Unplugged mwaka 1993, ule ambao Kurt Cobain anapasua koo mwishoni, ni wimbo wa zamani sana wa milimani ambao Bill Monroe, baba wa bluegrass, ile kantri ya banjo na fidla, aliurekodi mwaka 1941 kwa jina la In the Pines. Yani umeshasikiliza kantri miaka yote, hukuambiwa tu.

Onyo: usikae kuamua nani kaimba vizuri zaidi, ukianza mashindano unaacha kusikiliza.

Utajua umefaulu ukiurudia wimbo hata mmoja wa Cash kwa kupenda mwenyewe, siyo kwa sababu mwongozo umesema.

## Hatua ya 3: Soma maneno kabla ya kuhukumu sauti

Hapa ndo watu wengi wanakwama, kwahiyo twende taratibu.

Kwenye gothi na metali, giza linakuja mbele kabisa. Sauti nzito, gita nzito, jalada jeusi, hata usipoelewa neno unajua hapa pana msiba. Kantri haifanyi hivyo. Kantri inakuchezea melodi tamu, ya kupigia makofi, afu ndani ya maneno kuna maiti. Mtu aliyezoea giza la wazi anasikia utamu wa juu anasema huu mziki wa furaha za kijinga, anazima. Hakufika kwenye maneno.

Mfano ni Knoxville Girl ya Louvin Brothers, ipo kwenye albamu yao ya 1956. Ndugu wawili wanaimba kwa kupatana kama kwaya ya kanisani, mwendo ni wa waltz, sauti nyororo kabisa. Wanachoimba ni kijana anampiga mpenzi wake kwa fimbo njiani mpaka anakufa, anamburuta kwa nywele anamtupa mtoni, anarudi nyumbani na damu kwenye nguo mama yake anamuuliza. Na hawapandishi sauti hata kidogo! Ule utulivu wao ndo unaotisha kuliko mayowe yoyote.

Mwingine ni Long Black Veil, wa kwanza kuutoa ni Lefty Frizzell mwaka 1959. Mtu kauawa chini ya taa ya ukumbi wa mji, mashahidi wanasema aliyekimbia anafanana na huyu anayeimba. Jaji anamuuliza ulikuwa wapi, maana ukiwa na ushahidi unapona. Ananyamaza, kwa sababu usiku ule alikuwa mikononi mwa mke wa rafiki yake kipenzi. Ananyongwa. Muimbaji anaimba akiwa kaburini, na mwanamke anakuja usiku na shela jeusi kulia juu ya mifupa yake. Niambie kama hiyo siyo gothi.

Jinsi ya kufanya: weka mashairi mbele, soma ubeti wa kwanza kimya kimya, ndo ucheze wimbo. Ubeti ukiisha simamisha ujiulize: nani anaongea, yuko wapi, yuko hai au kafa, anamficha nini anayemwambia? Endelea mpaka mwisho, afu cheza tena bila kusoma. Mara hii ya pili utamu wa melodi utausikia kwa namna nyingine kabisa.

Ukishazoea nyimbo moja moja, chukua albamu nzima, Red Headed Stranger ya Willie Nelson (1975). Ni hadithi moja toka mwanzo mpaka mwisho, mhubiri anamuua mkewe na bwana wa mkewe afu anazurura na farasi wake. Vyombo ni vichache sana, kuna sehemu unasikia gita na kimya tu.

Onyo: nyimbo za mauaji za zamani zinaua wanawake mno, hilo liko wazi na siyo lazima ulimeze. Ukichoka nazo, nenda Goodbye Earl ya Dixie Chicks (sasa wanajiita The Chicks), marafiki wawili wanammaliza kwa sumu mume aliyekuwa anampiga mmoja wao, na wanaimba kwa raha zao zote. Afu nenda The Pill ya Loretta Lynn, 1975, mama aliyechoka kuzalishwa kila mwaka anamwambia mume wake sasa nina vidonge vya uzazi wa mpango. Vituo vingi vya redio vilikataa kuupiga. Hiyo ni panki bila gita la umeme.

Utajua umefaulu siku mwili utakaposisimka kwenye wimbo ambao mtu mwingine chumbani anautingishia kichwa kwa furaha.

## Hatua ya 4: Fundisha sikio vyombo

Hapa wengi wanasema "siwezi ile sauti ya kulialia". Mara nyingi wanamaanisha gita la stili la pedali. Ni gita lililolazwa kama meza, mpigaji anatelezesha chuma juu ya nyaya mkono mmoja, na kwa miguu na magoti anakanyaga na kusukuma vitu vinavyobadilisha noti wakati bado inalia. Ndo maana noti haikatiki, inapanda na kushuka kama mtu anayejizuia kulia. Kama unapenda sinthi ndefu za darkwave au ukungu wa gita za shoegaze, sikio lako tayari limezoea kitu cha aina hiyo, kimebadilika chombo tu.

Fanya hivi: chagua wimbo mmoja wa polepole, uufuate kwa chombo kimoja tu toka mwanzo mpaka mwisho. Mara ya kwanza gita la stili, mara ya pili fidla, mara ya tatu besi. Usijaribu kusikia vyote kwa mpigo.

Kwa watu wa panki nina jambo la kuwaonyesha. Sikilizeni I Walk the Line ya Cash, 1956. Kuna mchakacho wa rithimu unaoenda kama treni, unadhani ni dramu. Hamna dramu. Bendi haikuwa na mpiga dramu, Cash akachomeka karatasi kati ya nyaya za gita lake ili likwaruze kama dramu ya snea. Walichonacho ndo walichotumia, na sauti ile ikawa alama yake ya maisha.

## Hatua ya 5: Fuata njia ya kabila lako

Rudi kwenye maneno yako ya hatua ya 1, chagua njia moja tu, kaa nayo wiki nzima kabla ya kugusa nyingine.

Gothi na wapenda dini inayotisha. Nenda Denver, kwa 16 Horsepower. David Eugene Edwards, mjukuu wa mhubiri, anaimba kama mtu aliyeona hukumu kwa macho yake, na banjo lake halichekeshi hata kidogo. Albamu ya kuanzia ni Sackcloth 'n' Ashes. Baadae nenda Slim Cessna's Auto Club, na The Handsome Family, mke anaandika maneno mume anatunga mziki, wimbo wao Far from Any Road wa 2003 ndo uliofungua msimu wa kwanza wa tamthilia ya True Detective. Country Death Song ya Violent Femmes (1984) isikilize ukiwa umejiandaa, ni baba na mtoto na kisima, na sisemi zaidi.

Panki. The Gun Club, Fire of Love, 1981, bluzi na kantri zimechanwa pamoja. Jason & the Scorchers walitoka Nashville kwenyewe, makao makuu ya kantri, na wanapiga kama wanafukuzwa. Mekons walikuwa panki wa Leeds, Uingereza, mwaka 1985 wakatoa Fear and Whiskey na fidla ndani na hasira yao ya kisiasa haikupungua hata chembe.

Metali. Hank Williams III, mjukuu wa Hank Williams mwenyewe, alipiga besi kwenye Superjoint Ritual na Phil Anselmo wa Pantera, na shoo zake alikuwa anaanza na kantri halafu anamalizia na metali. Straight to Hell ya 2006 ndo ya kuanzia. Kama wewe ni wa black metal, hapo usisite, chukua Kentucky ya Panopticon (2012), banjo na mayowe kwenye albamu moja kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe, na vimekaa pamoja bila kugombana.

Emo na watu wa huzuni ya chini chini. Townes Van Zandt, anza na Waitin' Around to Die. Afu The Trinity Session ya Cowboy Junkies, iliyorekodiwa kanisani Toronto mwaka 1987 kwa maikrofoni moja, unasikia ukumbi wenyewe ukipumua. Uncle Tupelo, No Depression (1990), kama unataka gita chafu juu yake.

Wanaotafuta watu wa jinsia na mapenzi tofauti. Wapo toka zamani. Lavender Country ya mwaka 1973, kutoka Seattle, ilikuwa albamu ya kantri ya mashoga iliyo wazi kabisa, zikatengenezwa nakala elfu moja tu. Kwa sasa kuna Orville Peck, aliyejulikana kwa barakoa yake yenye nyuzi ndefu, anza na Pony ya 2019.

Onyo: usibebe njia zote tano wikiendi moja, utatoka na majina mengi na hamna wimbo uliokaa moyoni.

## Hatua ya 6: Sasa ndo urudi kwa wazee

Usianze hapa kamwe, hata mtu akikuambia "lazima ujue mizizi". Rekodi za miaka ya 40 zina sauti nyembamba na sikio ambalo halijazoea linachoka haraka.

Ila ukishapita hatua zote hizo, weka I'm So Lonesome I Could Cry ya Hank Williams, 1949. Ndege analia, treni inapita, mwezi unajificha nyuma ya mawingu, na anayeimba hata hasemi kilichomtokea. Hank alikufa siku ya kwanza ya 1953, kwenye siti ya nyuma ya gari akienda kwenye shoo, ana miaka 29. Toka hapo nenda Merle Haggard, aliyekuwa mfungwa gereza la San Quentin kweli siyo kwa kuigiza, na Buck Owens. Hao wawili ni wa Bakersfield, California, walipiga gita la Telecaster kali na kavu wakati Nashville inapaka nyimbo zake vayolini na kwaya. Unaona ugomvi wa kampuni kubwa na wanaokataa kulainishwa? Ni uleule unaoujua.

Utajua umefaulu ukiacha kusikia "rekodi ya zamani" ukaanza kumsikia mtu.

## Hatua ya 7: Redio, kama utataka

Siyo lazima. Ile kantri ya pikapu na bia iliyotawala miaka ya 2010, ambayo mwaka 2013 ilipewa jina la bro-country, hata mashabiki wengi wa kantri wanaikimbia. Ukitaka kitu cha miaka ya karibuni chenye uzito, chukua Purgatory ya Tyler Childers (2017), au A Sailor's Guide to Earth ya Sturgill Simpson (2016), kuna kava ya In Bloom ya Nirvana imepigwa polepole na gita la stili, na albamu hiyo ilishinda Grammy ya kantri.

## Hatua ya 8: Nguo na shoo

Usibadilike. Huhitaji kofia wala buti za koboi, na ukienda umejivika vitu usivyovijua utajisikia uko kwenye sare ya mtu mwingine. Nguo zako nyeusi zina heshima yake huku, Cash alivaa nyeusi na mwaka 1971 akaimba sababu zake: maskini, wafungwa, waliosahaulika. Na kama unapenda kujipamba, angalia suti ya muimbaji Gram Parsons kwenye jalada la albamu ya The Gilded Palace of Sin, 1969, imedariziwa majani ya bangi, vidonge, maua ya kasumba, na msalaba mkubwa mgongoni.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito: kuna wasanii na mashabiki wanaobeba bendera ya Confederate, ile ya majimbo ya kusini ya Marekani yaliyopigania utumwa, na kuna nyimbo za ubaguzi wa waziwazi, mpaka kwa baadhi ya wanaosifiwa kama waasi. Wewe uliyetoka kwenye panki unaijua hii, hata kule watu walilazimika kuwatoa manazi kwenye kumbi. Kabla ya kununua tiketi ya msanii usiyemjua angalia picha za shoo zake, angalia anauza nini mezani. Ukiona hiyo bendera, ondoka, nyimbo nzuri ziko nyingi mno.

## Ukikwama

"Ile sauti ya puani siivumilii." Anza na waimbaji wa sauti nzito, Cash, Peck, Brett Sparks wa The Handsome Family. Ya puani itakuja yenyewe baadae, usijilazimishe.

"Nyimbo zote zinafanana." Umesikiliza nyingi kwa mpigo bila maneno, rudi hatua ya 3 na wimbo mmoja.

"Dini imezidi." Usiisikilize kama mahubiri, isikilize kama hofu. Angalia jalada la Satan Is Real la Louvin Brothers (1959), shetani mkubwa wa mbao nyuma, moto umewashwa, ndugu wawili mbele wamevaa suti nyeupe wamenyoosha mikono. Hawatanii, wanaamini kila neno, na imani hiyo ndo inayoupa wimbo meno.

"Marafiki zangu watanishangaa." Usiwaeleze kitu. Wachezee Hurt ya Cash, afu Long Black Veil na mashairi yake mkononi, na wakiuliza kinachofuata ndo uwape njia yao ya hatua ya 5, siyo ya kwako.